Sikio Likizima Upande Mmoja: Kwa Nini Wanapima Neva Wakati Wanatafuta Uvimbe?

Jirani yangu hapa Walukuba, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo mjini Jinja, Uganda, alinijia jioni moja na karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Daktari alikuwa ameandika herufi tatu, ABR, kifupi cha Kiingereza cha kipimo cha jinsi neva ya kusikia na shina la ubongo zinavyoitikia sauti, na chini yake maneno kuhusu uvimbe karibu na shina la ubongo. "Mwalimu," akaniuliza, "mimi nilikwenda kulalamikia sikio. Hawa mbona wananipeleka kwenye ubongo? Na kama shida yao ni ubongo, mbona wanapima sikio?"

Tangu siku hiyo nimekutana na swali lake kwa sura nyingi. Kuna wanaosema kipimo hicho kinapitisha umeme kichwani. Kuna wanaoamini kwamba ukishaandikiwa, basi una saratani na wameamua kukuficha. Kijana mmoja wa bodaboda aliniapia kuwa haya yote yanaletwa na simu. Kila mmoja ana kipande cha hofu ya kweli, na hofu isiyoelezwa humfanya mtu aiweke karatasi chini ya godoro asirudi tena hospitali. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Tuanze na maneno yenyewe.

Neva ni uzi wa mawasiliano mwilini. Wengi tunaiita mshipa, na hapo ndipo tunapoanza kupotea, kwa sababu mshipa ni wa damu pia. Neva haibebi damu. Inabeba ishara za umeme mdogo mno ambao mwili hujitengenezea wenyewe. Neva ya kusikia ina nyuzi zipatazo 30,000 kila upande, zikiwa zimefungwa pamoja kama kamba ya katani.

Shina la ubongo ni sehemu ya chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Ubongo ukiwa kabichi, shina ni kile kikonyo kinene kinachoibeba. Ni padogo, lakini ndipo panaposimamiwa kupumua, mapigo ya moyo na kumeza, na ndipo neva za kusikia zinapoingilia.

Uvimbe nao ni chembe za mwili zilizoongezeka mahali ambapo hazikutakiwa kuongezeka. Neno hili linatisha kuliko linavyostahili. Uvimbe unaotafutwa mara nyingi kwa kipimo hiki huitwa shwanoma ya vestibula. Zamani waliuita neuroma ya akustika, na bado utalikuta jina hilo kwenye karatasi nyingi. Unaota kwenye seli zinazoizungushia neva ganda lake, kama plastiki inavyouzunguka waya wa umeme. Si saratani. Haupandi kwenye ini wala mapafu. Ukikua, kwa kawaida hukua milimita 1 au 2 kwa mwaka, na mwingine hukaa miaka bila kuongezeka hata kidogo.

Basi mbona madaktari wanahangaika nao? Kwa sababu ya mahali ulipoota. Nyuma ya sikio la ndani kuna mfereji mwembamba ndani ya mfupa, urefu wake kama sentimita 1. Ndani yake zimebanana neva ya kusikia, neva za mwendo thabiti wa mwili zinazotuwezesha kusimama bila kuyumba, na neva inayoendesha misuli ya uso. Uvimbe huu kwa kawaida huanzia kwenye neva ya uthabiti, lakini jirani yake ndiye anayelia kwanza, yaani neva ya kusikia. Hata kizunguzungu hakiji kila mara, kwa sababu uvimbe unakwenda polepole na ubongo unapata muda wa kuzoea kutegemea upande mzima. Ukiachwa ukue, unatoka kwenye mfereji, unaliegemea shina la ubongo, unagusa neva ya hisia za uso mpaka shavu linakufa ganzi, na mwisho unaweza kuzuia maji ya ubongo yasipite. Kwa hiyo uvimbe usio saratani bado unaweza kumuua mtu, kwa kubana tu.

Hilo lilikuwa nusu ya jibu la mzee. Uvimbe uko jirani na ubongo, lakini mlango wake ni sikio.

Nusu ya pili ni safari ya sauti. Sauti inapiga ngoma ya sikio, inatikisa vifupa vitatu vidogo, inaingia kwenye koklea, kiungo kilichojikunja kama nyumba ya konokono kwa mizunguko miwili na nusu. Huko kuna seli zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko kuwa umeme. Umeme huo unashika neva, unapita ule mfereji wa mfupa, unaingia shina la ubongo na kupanda juu kituo baada ya kituo. Safari ya kutoka sikioni hadi sehemu ya juu ya shina huchukua chini ya milisekunde 6, yaani sehemu 6 kati ya 1,000 za sekunde. Ukifumba jicho mara moja tu na kulifumbua, safari hiyo ingeweza kufanyika zaidi ya mara kumi.

Sasa fikiria umetuma mzigo kwa basi kutoka Busia kwenda Kampala, na hukuona basi lenyewe. Una ndugu watatu wenye simu: mmoja stendi ya Busia, mmoja Jinja, mmoja Kampala. Wa kwanza anakupigia basi likiondoka, wa pili likipita Jinja, wa tatu likifika. Unaijua kawaida ya barabara hiyo. Siku simu ya Busia imekuja kwa wakati wake, halafu ya Jinja ikachelewa sana, hakuna haja ya kwenda kutazama ili ujue kuna kitu kati ya Busia na Jinja. Labda jamu ya Iganga, labda lori limelala barabarani. Hujui ni nini, ila unajua ni wapi.

Kipimo cha ABR kinafanya kazi hiyohiyo. Kinanasa mawimbi madogo ya umeme, na kila wimbi ni simu kutoka kituo kimoja. Mwaka 1971 watafiti wawili wa Marekani, Jewett na Williston, waliyaeleza mawimbi haya na kuyapa namba za Kirumi tunazozitumia hadi leo. Wimbi la I linatoka kwenye neva, karibu na koklea: hiyo ni Busia. La III linatoka pale neva inapokwisha kuingia shina la ubongo: Jinja. La V linatoka juu zaidi kwenye shina: Kampala. Kwa mtu mzima mwenye usikivu mzuri, kati ya wimbi la I na la V hupita kama milisekunde 4. Uvimbe ulioota kwenye mfereji uko baada ya Busia na kabla ya Jinja. Ukiibana neva, simu ya Jinja inachelewa na ya Kampala inachelewa pia.

Mtu ana masikio mawili, kwa hiyo kuna barabara mbili, na daktari analinganisha. Wimbi la V la kushoto likichelewa kuliko la kulia kwa milisekunde 0.2 hadi 0.4, kutegemea kiwango cha maabara, anaanza kushuku. Nilipomwambia mzee kwamba watu wanapima vipande vya elfu ya sekunde, alitikisa kichwa muda mrefu bila kusema kitu.

Mfano huu wa barabara unafafanua pia jambo ambalo wengi hawaelezwi. Kama sikio limezibwa na nta au usaha, sauti inaingia kwa shida, kwa hiyo basi linachelewa kuondoka Busia. Simu zote tatu zinachelewa, lakini muda wa kutoka Busia hadi Kampala ni uleule. Barabara haina kosa. Kwa hiyo mtaalamu hatazami tu saa ya kufika. Anatazama umbali wa muda kati ya wimbi na wimbi. Na ukiona mawimbi ya sikio la pili, lisilouma, nalo yamechelewa kati ya la III na la V, huenda uvimbe ni mkubwa kiasi cha kulisukuma shina lenyewe hadi upande wa pili wa barabara.

Siku ya kipimo

Hakuna umeme unaoingizwa kichwani. Naomba hili lifike mpaka vijijini. Wanasugua ngozi ya paji la uso na nyuma ya masikio ili kuondoa mafuta, wanabandika vibandiko vyenye waya, wanakuvisha vipokea sauti, unalala chali. Vibandiko vinasikiliza tu, kama vile vinavyopima moyo. Hawanyoi nywele wala hawachomi sindano. Sikioni unasikia mlio wa tik-tik-tik wa haraka, na katika sikio la pili wakati mwingine wanaweka kelele kama ya mvua juu ya bati ili lisiingilie kati. Kazi yako ni kutulia. Usitafune, usibane taya, maana misuli ya taya ina umeme mkubwa kuliko huo unaotafutwa. Ukisinzia ni vizuri zaidi. Mawimbi haya hayabadiliki kwa usingizi. Kwa sababu hiyo kipimo hikihiki hutumika kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kusema wamesikia au hawakusikia, kwa hiyo usishangae ukimkuta mama na kichanga kwenye foleni yako.

Kwa nini mlio urudiwe mara 1,000 au 2,000? Betri ya tochi ina volti 1.5. Wimbi moja la ABR halifiki hata sehemu moja ya milioni ya volti, na limezama ndani ya umeme mwingine wa ubongo na misuli ambao ni mkubwa mara nyingi zaidi. Kulitafuta ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona katikati ya soko la Owino. Tazama kiwanja chenye nyasi. Mtu mmoja akikikatiza haachi alama. Lakini watu 2,000 wakipita palepale, unaona njia nyeupe imechongeka. Watoto wanaokimbia huku na huko kwenye kiwanja hichohicho hawachongi njia, kwa sababu kila mmoja anakanyaga pake. Jibu la neva linakuja kila mara kwa wakati uleule baada ya mlio, kwa hiyo linachonga njia; kelele nyingine za mwili zinakuja ovyo, na kompyuta ikizijumlisha zinafutana.

Karatasi inayotoka ina mistari yenye vilima vidogo. Haina picha ya uvimbe. ABR haionyeshi uvimbe hata siku moja. Inaonyesha kuchelewa.

Majibu yanapopotosha

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Majibu mabaya hayathibitishi uvimbe. Kuchelewa kunaweza kuletwa na ugonjwa mwingine wa neva, au na sikio la ndani lililoharibika sana. Sikio likiwa limekufa kabisa kwa sauti nyembamba, hakuna mzigo uliopakiwa, na simu hazitapigwa kutoka kituo chochote, barabara iwe nzuri au mbovu. Hivyo kabla ya ABR lazima sikio lichunguzwe kwa macho na lifanyiwe odiogramu, kile kipimo cha chumba cha kimya ambapo unabonyeza kitufe kila usikiapo mlio. ABR bila odiogramu ni barua isiyo na anwani.

Majibu mazuri nayo hayaondoi uvimbe mdogo. Mwaka 1977 Selters na Brackmann wa Marekani walionyesha jinsi kipimo hiki kinavyoweza kuunasa uvimbe wa neva, na kwa uvimbe uliozidi sentimita 1 au 1.5 bado kinanasa zaidi ya 9 katika kila 10. Ukiwa chini ya sentimita 1, unaoponyoka ni mwingi zaidi. Sababu yake inarudi kwenye stendi. Nyuzi za sauti nyembamba ndizo mabasi ya mwendo kasi. Ndizo zinazofika kwanza na kuamua saa ya wimbi la V. Uvimbe mdogo ukizibana nyuzi nyingine, zile za mwendo wa lori, yule ndugu wa Kampala ataandika saa ya basi la kwanza na kusema kila kitu kiko sawa. Mwaka 1997 Manuel Don na wenzake wa Los Angeles walieleza njia ya kurekebisha kasoro hiyo: badala ya kuuliza basi la kwanza lilifika saa ngapi, wanapima ni magari mangapi yalifika kwa jumla. Ni wazo zuri sana, ila linahitaji vifaa na muda zaidi, na si kila maabara inaifanya.

Kinachoonyesha uvimbe wenyewe ni picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku yenye nguvu, hasa inayopigwa baada ya kudungwa dawa ya gadolini inayoufanya ung'ae. Hiyo inaona hata uvimbe wa milimita chache. CT, aina nyingine ya picha inayotumia eksirei, ambayo ni rahisi kuipata kuliko MRI, inaweza kuukosa uvimbe mdogo, kwa hiyo mtu asikuambie kichwa kiko salama kwa sababu CT haikuona kitu. Katika nchi nyingi tajiri madaktari sasa wanaruka ABR na kwenda moja kwa moja kwenye MRI. Huku kwetu, ambako mtu wa Arua au Kisoro huenda akasafiri hadi Kampala na kulipa fedha nyingi kwa picha moja, naona ABR bado ni chekecheo la maana, ili mradi tujue mashimo yake yana ukubwa gani. Na kuna wasioweza kuingia MRI kabisa, kama wenye baadhi ya vifaa vya moyo, au wastaafu wa jeshi waliobakiwa na vipande vya chuma kichwani au machoni. Kwa hao kipimo cha neva kinabeba uzito mkubwa zaidi.

Simu, dawa na majini

Kuhusu simu: mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliyaweka mawimbi ya simu katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. "Huenda" haina maana ya "imethibitika", na tafiti kubwa zilizofuatilia watumiaji wa simu hazijathibitisha kuwa zinaleta uvimbe huu. Ila simu ina sehemu yake katika hadithi. Watu wengi hugundua tatizo siku wanapohamishia simu sikio la pili na kukuta maneno hayaeleweki. Simu iliufichua uvimbe uliokuwepo, nayo ikabebeshwa lawama.

Kuhusu dawa: kwinini inaweza kuleta mlio masikioni, na sindano kama gentamaisini zinaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Kelele za kiwandani pia zinaharibu. Lakini vyote hivyo kwa kawaida hupiga masikio mawili. Mzee wetu aliambiwa mara mbili, katika kliniki ya mtaani, kuwa ni mashine za kiwanda, akapewa matone. Hakuna aliyemuuliza kwa nini mashine zile zilichagua sikio la kushoto peke yake.

Upande mmoja ndiyo alama yenyewe. Bibi zetu walisema sikio likilia kuna mtu anakutaja, na wapo wanaoambiwa wana majini, wakapelekwa kusomewa kwa sababu ya mlio usiokoma. Dua haimdhuru mtu, na sitamkataza yeyote. Ila mlio wa sikio moja unaodumu, usikivu unaopungua sikio moja, au kusikia sauti bila kuelewa maneno upande mmoja, vinahitaji daktari wa masikio, pua na koo. Wengi watakaopimwa hawatakutwa na uvimbe, kwa sababu uvimbe huu ni nadra. Ukifika kituo cha afya, usiseme tu "sikio linasumbua". Sema: "Ni sikio hili moja, lile lingine ni zima, na imeanza tangu wakati fulani." Sentensi hiyo inaweza kukuokoa miezi ya matone.

Na ukikutwa nao, kisu si jibu la lazima. Uvimbe mdogo kwa mtu mzima mara nyingi hufuatiliwa kwa picha za mara kwa mara. Mwingine hupigwa mionzi iliyolengwa. Unaolibana shina huondolewa kwa upasuaji, na huko chumbani, pale wanapojaribu kuokoa usikivu, ABR inaweza kuendelea kusoma mawimbi wakati daktari anafanya kazi. Wimbi la V likianza kuchelewa, anajua neva inavutwa na anapunguza mkono. Wachache sana, wenye ugonjwa wa kurithi uitwao NF2, huota uvimbe masikio yote mawili. Ukoo wenye historia hiyo uwaambie madaktari mapema.

Mzee alikwenda Kampala. Kwenye karatasi ya sikio la kulia vilima vilikuwa vitano, akavihesabu kwa kidole mbele yangu. Kwenye ya kushoto cha kwanza kilikuwepo mahali pake, na cha tano kimesogea mbali. Picha ya MRI ilikuta uvimbe wa milimita 14. Daktari alimweleza wausubiri kwanza, arudi baada ya miezi sita wapige picha nyingine. Karatasi zote sasa ziko kwenye bahasha moja ukutani, si chini ya godoro, na jioni akija kunywa chai anazunguka meza, anatafuta kiti kitakachompa sikio lake la kulia upande wangu.